Rimoti ya Mgongo Wangu Si Yako

Chumba cha kushonea,
Nyumbani kwa Mama.
Jumapili, baada ya chai ya asubuhi.

Mpendwa Kaka Fyuzi,

Salaam nyingi. Natumai u mzima, kazi inakwenda, na baridi ya huko haijakuingia kifuani kama mwaka jana. Sisi hatujambo. Presha ya Mama imetulia, magoti ndiyo yale yale. Mke wako mzima, wanao wazima. Haya, salamu nimezitoa kwa sababu Mama amekaa hapa pembeni anaangalia ninavyoandika. Bahati nzuri miwani yake haioni herufi ndogo, kwa hiyo kuanzia hapa ni mimi na wewe.

Kaka, nina hasira na wewe. Sikupigii simu kwa kuwa kwenye simu wewe huongea na mwenzako husikiliza. Barua huwezi kuikatiza.

Tangu nilipopasuliwa mgongo, mguu huu wa kulia unawaka moto kutoka kwenye tako hadi kidole gumba. Wewe unaujua kwa kusimuliwa. Mimi nauweka kwenye pedali ya cherehani kila siku, nashona sare za shule huku nasaga meno. Vidonge vimeshindwa, sindano zimeshindwa. Daktari wa maumivu akaniambia zimebaki njia mbili, zote za kuweka kitu ndani ya mwili. Moja ni pampu ndogo chini ya ngozi ya tumbo, inayopeleka dawa kidogo kidogo kwenye uti wa mgongo. Nyingine ni kifaa cha umeme, chenye nyaya nyembamba zinazolazwa karibu na uti huo huo ili kuyazuia maumivu yasifike kichwani.

Wewe ulichagua pampu kabla sijavua viatu. Eti wewe ni fundi umeme, unaujua umeme, na mwili wa mtu ni maji matupu. Mama akaamini, maana kwake yeye aliyetengeneza taa ya jikoni anaweza kutengeneza hata moyo.

Sisemi pampu ni mbaya. Pale kliniki nilikaa na mama mmoja anayo, na anaisifu kuliko anavyomsifu mumewe. Lakini kila baada ya miezi michache lazima urudi ukajaziwa dawa kwa sindano, na dawa za aina ile hunilewesha. Nilipozinywa za vidonge nilishona mkono wa shati shingoni, na mwenye shati akaja kulichukua na mashahidi. Mtu anayeshinda na mkasi hawezi kuishi anasinzia. Hilo hukuniuliza.

Kifaa cha umeme kina uzuri wake: hujaribiwa kwanza. Wanakupitishia nyaya kwa sindano, betri inabaki nje kiunoni, unarudi nyumbani na rimoti unaishi nacho siku chache. Maumivu yakipungua angalau nusu, wanakuwekea cha kudumu. Yasipopungua, wanachomoa nyaya. Sharti lao ni usijipinde wala kunyanyua mikono, nyaya zisije zikahama.

Siku ya pili mguu ulinyamaza, Kaka. Nililia kwa furaha. Niliukanyagia sakafuni, nikaukanyagia tena, kama wa kuazima. Mchana nikalala usingizi ambao nilishausahau.

Nawe ndipo, mimi nikiwa usingizini, ukapiga simu ya video, kama nilivyokuja kusimuliwa baadaye. Mama akashika simu, ukamwamuru mke wako aichukue rimoti pale kwenye mto niliolalia. "Ongeza. Ongeza tena, tuone inabeba mzigo gani." Mzigo! Mimi ni jenereta? Mguu ulirusha teke, mwili mzima ukajipinda, nikaanguka katikati ya kitanda na kabati. Nyaya zikahama na ule moto ukarudi mahali pake.

Mama na mke wako wakaniambia kifaa kimeleta hitilafu chenyewe. Niliamini, nikamweleza daktari hivyo hivyo. Akachomoa nyaya, akasema basi umeme haukufai, tujiandae na pampu. Na wewe siku zote hizo ukinipigia: "Si nilikwambia?" Hilo ndilo lisilonitoka rohoni. Kukosea, kila mtu hukosea. Lakini ulijua ni nani aliyeharibu, ukafunga mdomo, ukaniacha niende kukatwa tumbo kwa uongo wako.

Aliyenifumbua macho ni mke wako. Alikuwa ananipigia pasi gauni la kwenda hospitali, mara akaanza kulia. "Wifi, nisamehe, ni mimi niliyebonyeza. Kaka yako aliniambia nisiseme." Gauni likaungua na hakuna aliyelijali. Mama naye alipobanwa akasema wewe ulitaka kusaidia tu. Saidia watu wa huko, Kaka, huku tumeshiba.

Nilirudi kwa daktari peke yangu nikamwambia ukweli. Alivua miwani akaniuliza kama nyumbani kuna mwingine anayetaka kunitibu. Nikaona aibu ambayo ilikuwa yako. Amenirudishia majaribio, na safari hii rimoti ilikaa ndani ya sidiria, mchana na usiku. Nimetembea hadi sokoni na kurudi bila kusimama kila duka nikijifanya naangalia bei.

Kesho kutwa wananiwekea cha kudumu. Kuna chenye betri ya kuchajiwa, ambayo hudumu zaidi, ila lazima ukae na mkanda wa chaji, na umeme wa mtaa wetu unavyokatika unaujua. Nimechagua isiyochajiwa. Ikiisha huko mbele nitapasuliwa kidogo, ibadilishwe. Nimepima mwenyewe, nimekubali mwenyewe. Usinitumie maoni.

Msalimie binamu kinyozi mnayekaa naye, na Mjomba Dereva akipita. Shangazi anakusalimu, na wanao wanauliza lini unakuja. Mungu akulinde huko uliko, akupe afya, na mikono yako aipe kazi za kwako.

Nimebakiza moja. Nesi aliniuliza: nikiwa nimelazwa pale sijitambui na likatokea la kutokea, daktari amuulize nani, na neno la nani lifuatwe? Tangu Baba atutoke, swali kama hilo nimekuwa nikilijibu kwa kukutaja wewe. Safari hii nimemtaja mke wako. Nesi akashangaa, akauliza kwani sina ndugu wa damu. Nikamwambia ninaye kaka, baba mmoja mama mmoja, na yeye asipigiwe simu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata leo, jambo linalonikera kuliko mguu,

Fundi Cherehani