Maziwa Mnakunywa, Mkono Mnaukataa

Mpendwa mshauri Mama Naliaka,

Pokea salamu na unisaidie kabla kichwa hakijapasuka, mimi napiga gitaa, na rafiki yangu Mburu anapiga akodioni, na kila Jumamosi tunajaza ukumbi wa Bondeni hapa Nakuru mpaka wengine wanacheza nje, na wimbo wanaoupenda niliutunga mimi mwenyewe, unasema, "Maziwa yangu mnakunywa, mkono wangu mnaukataa," sasa setla, yule Mzungu mwenye shamba la Subukia ambako baba yangu ni mkamuaji amenikuta zizini, akasema nikapige kwenye dansi ya klabu yao Jumamosi ijayo, lakini huo wimbo niuache, na Mburu nimwache pia kwa kuwa ni Mkikuyu na hii ni Hali ya Hatari, kila Mkikuyu anashukiwa uasi, na kwamba nikikataa baba aondoe ng'ombe wake shambani, nami kwa mazoea nikavua kofia nikasema, "Ndiyo, bwana," baba akisikia, na tangu siku hiyo simwangalii Mburu usoni, niende au nisiende?

Micah arap Rotich

Micah,

Pole, mwanangu. Najua ng'ombe wa baba si mchezo. Lakini hiyo "ndiyo, bwana" yako imenikasirisha! Kofia ilitoka na ulimi ukaifuata. Umemuuza mwenzako kabla hata ya kuulizwa mara ya pili.

Nyinyi Wakipsigis mna desturi nzuri ya kuwekeana ng'ombe, huyu anamtunzia yule, na hakuna anayeona aibu. Umeisahau kwa sababu ya gitaa? Kaa na baba yako leo. Ombeni kibali cha kuhamisha mifugo, mpeleke ng'ombe kwa wajomba huko Kericho. Zizi likiwa tupu, huyo bwana atakutisha na nini? Kisha mwambie hapana, kwa adabu, kofia ikiwa kichwani. Halafu nenda kwa Mburu umweleze yote, hata kama atakutukana. Anayo haki.

Jumamosi pigeni Bondeni, wote wawili. Juzi sokoni niliwasikia akina mama wa viazi, Wakikuyu, Wakipsigis na sisi Waluhya, wakiuimba wimbo wako kwa sauti, na askari amesimama palepale na bunduki yake. Nilijivuna kama nimekuzaa mimi. Hakuna hata mmoja aliyenyamaza. Sasa mwenye wimbo ndiye anyamaze?

Mama Naliaka