Mhariri Ameniumbua kwa Mama Mkwe

Shoga, nimekwisha. Nimekwisha kabisa!

Unamjua mhariri wangu, yule anayenitumia maoni ya riwaya kwa sauti? Leo nimeifungua sauti yake sebuleni, spika juu kabisa. Mama mkwe kakaa pembeni yangu na chai niliyompikia.

"Mwandishi wangu, hongera, unaandika vizuri mno! Ila huyu mama mkwe anachelewa kufa. Mtilie sumu kwenye chai sura ya pili, usimwonee huruma."

USIMWONEE HURUMA, shoga!

Mama akakitua kikombe polepole. Nikaapa ni hadithi tu, nikamsomea sura nzima. Akasikiliza, akaguna.

"Kwenye chai atagundua. Hujui kuua wewe."

Nimemsimulia mhariri, anasema mama ana kipaji!

Sasa mama yuko jikoni, ananipikia chai. Anaimba.