Kipengele cha Tisa

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta huna zaidi ya yale maumivu ya goti uliyokwisha kuyazoea. Sisi huku hatujambo. Mwanangu mzima, mkwe wangu mzima, mjukuu ameota meno na ameanza kuyatumia. Mimi mwenyewe, ukiacha macho, sina pa kulalamikia.

Barua yako niliipata, pamoja na ile yangu ya awali uliyonirudishia ikiwa imesahihishwa kwa wino mwekundu. Umenipa saba kwa kumi. Nakushukuru, kwani mara ya mwisho ulinipa sita. Nilidhani mwalimu akistaafu na kalamu yake hustaafu, kumbe yako haikupewa taarifa.

Unauliza nitakuja lini kuishi nawe. Unasema chumba kimekwisha kupakwa rangi, kitanda umekiweka upande wa dirisha kwa sababu unajua napenda mwanga, na rafu ya vitabu umeipigilia misumari mwenyewe, kwa goti hilohilo. Siku tano sasa nimekuwa nikianza kukujibu na kuchana karatasi. Nakuomba uisome hii yote kabla hujakasirika, maana jibu lako liko mwishoni na siwezi kulitoa kabla ya kueleza yaliyotangulia.

Unajua nilivyoagwa. Miaka thelathini na minane nimejalidi vitabu ghorofa ya chini ya idara ya kumbukumbu, rejista za vizazi, za vifo, za mashamba, halafu siku moja wakaweka viti uani wakanipa saa ya ukutani. Sikuelewa kwa nini wampe saa mtu ambaye wamemwambia hana haja ya kuwahi tena. Mkuu wa idara, ambaye wote tunamwita Bwana Fomu kwa kuwa hata kikombe cha chai kwake kina fomu, alisoma hotuba ya kurasa nne. Alisema nimeacha pengo. Kisha akamwita Sindano aje kulijaza.

Sindano ndiye niliyekuandikia habari zake mara kwa mara, yule mwanamke mwembamba, mwepesi wa mkono, aliyekuja kwangu akiwa hajui hata kukunja karatasi. Nimekaa naye miaka kumi na moja. Siku ile nilimkabidhi funguo, mikasi, mfupa wa kukunjia, na daftari la makabidhiano nililoliandika kwa mkono wangu, lenye vipengele thelathini na kimoja: gundi ichanganywe vipi, uzi upakwe nta kiasi gani, kisu cha mashine kinolewe lini. Aliweka sahihi kwamba amepokea yote. Kila mtu alipiga makofi, na mimi nikapiga.

Nyumbani nilifuata ushauri wako. Uliniambia kustaafu nako ni kazi, mtu hujifunza. Nilijifunza wiki mbili. Wiki ya tatu nilikwisha kujalidi madaftari ya zamani ya mwanangu, risiti za umeme za miaka sita, na kijitabu cha maelekezo ya jokofu, hicho nikakitia jalada gumu la kitambaa cha kijani. Mkwe wangu ni mpole, ila siku moja nilikuta ameficha kitabu chake cha mapishi juu ya kabati. Nikaelewa kwamba nimekuwa kero. Asubuhi nilikuwa naamka saa ileile ya kazi, navaa viatu, kisha nakaa kitandani nimevaa viatu. Dada, hilo sikukuandikia. Nilikuandikia kwamba napumzika vizuri.

Mwezi wa tatu ukaja kutoka ofisini ule wito niliokusimulia kwa mbwembwe. Rejista mpya zilikuwa zimeharibika. Kurasa zilivimba mawimbi, majalada yakapinda, kitabu ukikilaza mezani kinanyanyuka upande mmoja, ukikifunga kinafunguka chenyewe. Vitabu sitini na viwili. Bwana Fomu alimtuma dereva anifuate nyumbani. Nilikuandikia kwamba wameniangukia miguuni, kwamba bila mimi mambo hayaendi, na wewe ukanijibu kwamba umewasomea wenzako wa chama cha walimu wastaafu nao wakashangilia. Hapo ndipo tulipoachana na ukweli, mimi na wewe. Sasa niurudishe.

Nilipofika walinirudishia kiti changu, kile chenye mto. Bwana Fomu alitamka mbele ya watu kwamba utu uzima dawa, akanijazia fomu ya mshauri. Kwa siku nne nilikagua. Nilinusa gundi, nikavuta nyuzi, nikapima kadibodi za jalada kwa rula, nikatikisa kichwa. Wafanyakazi wa ghorofa ya juu walikuwa wakishuka kunitazama. Nilifurahi, Dada, sitakuficha. Tangu mama watoto afariki sikuwa nimefurahi hivyo.

Sindano alikuwa amehamishiwa meza ya mlangoni, ile ya kubandika namba kwenye migongo ya vitabu, kazi ya mtu aliyeanza jana. Alikuwa amepewa barua ya onyo, na uthibitisho wake wa ukuu wa karakana umesimamishwa. Mwisho wa mwezi wangeamua kama abaki au aondoke. Siku ya pili alinijia wakati wa chakula cha mchana, akasimama mbele yangu na daftari la makabidhiano mkononi.

“Mzee, nionyeshe nilipokosea,” akasema. “Nimefuata kila mstari.”

Nikamjibu, “Ni uzoefu, mwanangu. Uzoefu haufundishiki.”

Akashukuru. Akarudi mezani kwake, akafungua daftari, akaanza tena kipengele cha kwanza, kidole kikifuata maneno. Pembeni mwa kila kipengele alikuwa amepiga alama za vema, kwingine tatu, kwingine nne, kwa kila mara aliyorudia kujihakiki. Mwenzake wa kukata karatasi akamwuliza kwa nini asifikirie kwamba labda Mzee alisahau kuandika jambo. Nilimsikia Sindano vizuri sana akijibu kwamba Mzee hasahau, na kwamba kosa lazima liwe la mikono yake.

Sasa nifike ninapopaogopa. Mzee hakusahau.

Nitakueleza kwa ufupi. Karatasi ina nyuzi, Dada, kama ubao, na nyuzi hizo zote hulala upande mmoja. Sisi tunaita mlalo. Mlalo ukienda sambamba na mgongo wa kitabu, kitabu kinatulia miaka mia. Nyuzi zikikingamana na mgongo, unyevu wa kwanza unakipinda. Kwa macho huoni kitu. Unachukua karatasi, unaikunja kidogo huku, unaikunja kidogo kule, upande unaokubali kwa urahisi ndio mlalo. Ni jambo la dakika moja. Kwa miaka yote hiyo karatasi nilichagua mimi, kila bunda lililoingia nililipinda kwa viganja kabla halijafika kwenye mashine, na walioniuliza niliwaambia napima unene. Sijui kwa nini nilianza kuwaambia hivyo. Nadhani kila fundi hupenda kubaki na kitu kimoja mfukoni.

Lakini daftari ni jambo jingine. Nililiandika kwanza kwa penseli, na katika penseli mlalo ulikuwa kipengele cha tisa. Nilipolinakili kwa wino niliuruka, nikafanya cha kumi kuwa cha tisa. Sikuharakishwa, wala taa haikuzimika. Nilikuwa nimekaa pale kwenye meza yangu ya kulia, nimeshiba, nikaacha mistari minne makusudi, kwa sababu nilitaka wanihitaji. Nilihesabu kwamba itawachukua miezi miwili. Ilichukua mitatu, na nakiri kwamba katika mwezi ule wa tatu nilianza kuwakasirikia kwa kuchelewa.

Ningependa kukuambia kwamba nilitubu kwa sababu ya wema. Sivyo. Siku ya tano nilishika rejista moja nianze kuitengeneza, na mikono ikakataa. Nilijaribu kutunga uzi sindanoni mara sita. Nilikuwa nikimtazama yule mwanamke akibandika namba mlangoni, ananyoosha kila namba kwa ukucha ili ikae sawa, kazi ambayo hakuna mtu angeikagua. Niliona aibu, Dada. Niliona aibu kama siku ile uliponikuta nimekula sehemu yako ya nyama na nikamsingizia paka.

Mficha uchi hazai. Nilimwita nyuma ya mashine, nikamwonyesha mlalo, nikampa karatasi ya penseli. Aliisoma, akapinda karatasi huku na kule, akapinda tena. Halafu akafungua daftari la wino, akatafuta cha tisa, akalinganisha. Alirudi mezani kwake akamalizia namba zilizobaki. Mimi nikapanda ghorofani kwa Bwana Fomu, nikaandika maelezo kwa mkono wangu, nikatia sahihi. Hakuwa na fomu ya jambo la namna hiyo, na ilimsumbua zaidi kuliko jambo lenyewe. Barua ya onyo ilifutwa siku ileile, uthibitisho wa Sindano ukatolewa, na ushauri wangu ukakoma. Waliokuwa wakishuka kunitazama hawakushuka tena.

Nilikuwa nakusanya miwani yangu niende zangu wakati Sindano alipokuja kukaa kwenye kile kiti. Aliutoa mto kwanza, akauweka sakafuni.

“Vitabu sitini na viwili,” akasema. “Utavifumua wewe, Mzee. Vyote. Utakaa pale mlangoni.”

Nikamwambia ndiyo, Mama. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo, na neno lilitoka kwa urahisi kuliko nilivyodhani.

Basi ndiko niliko, Dada, hii ni wiki ya saba. Siku tatu kwa wiki, asubuhi tu, nakaa mlangoni penye upepo, nafumua nilichokiharibu bila kukigusa. Uzi natoa, gundi nakwangua, kila ukurasa naulaza chini ya uzito. Karatasi zilizoandikwa haziwezi kugeuzwa mlalo, kwa hiyo tunazikata mgongoni na kuzishonea kwenye vipande vyembamba vya karatasi vilivyokatwa vizuri. Njia hiyo ni ya Sindano, alinipendekezea miaka minne iliyopita nami nikaikataa kwa sababu haikuwa yangu. Ni njia nzuri sana. Naijifunza polepole, na juzi alinifumulisha mishono yote ya siku nzima, akasema imelegea. Ilikuwa imelegea kweli.

Ajabu yenyewe ni hii: silali vibaya tena. Naamka, navaa viatu, na viatu vina pa kwenda. Nilidhani miaka yote ninachokipenda ni kile kiti, kuitwa, kuulizwa, kusubiriwa. Kumbe ukininyima hayo yote ukaniachia sindano na karatasi iliyopinda, bado nataka kesho ifike. Niligundua hilo nikiwa na miaka sitini na minne, nimekaa mahali pa mtu aliyeanza jana. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, nami nilikuwa nimevunja koleo la mwenzangu ili nibaki mhunzi peke yangu.

Tena Sindano ameniwekea sharti. Kila siku ninapoondoka lazima niache kwenye daftari kipengele kimoja kipya, jambo lolote ninalolijua ambalo sikuliandika. Nilimwambia hakuna kingine, nimetoa chote. Hakuniamini, na ana haki. Nikaanza kwa kukunja uso, na sasa tuko kipengele cha hamsini na tatu. Mengine sikujua kwamba nayajua: kwamba gundi ikiwa tayari hubadilisha sauti unapoikoroga, kwamba rejista ya vifo ishonwe kwa nguvu zaidi kuliko ya vizazi, kwa sababu watu huifungua kwa mikono inayotetemeka. Anataka yote yawe kitabu, kichapwe, kigawiwe kwa kila karakana.

Hivyo jibu la swali lako ni kwamba siji kuishi, Dada. Chumba nimekiharibia maana na naomba radhi kwa rangi, kwa rafu na kwa goti. Nilikuacha ukisubiri huku nikikudanganya, na uliwasomea wenzako uongo wangu kwa sauti. Ukiona vema wasomee na hii. Ukiona vigumu, basi mimi nitakuja niwaeleze mwenyewe, nimezoea sasa.

Vimebaki vitabu ishirini na kimoja. Kikiisha cha mwisho nitakuja kwa mwezi mzima, na kitanda hicho cha dirishani nitakilalia kwa shukrani, kama bado kipo. Ila sitakuja kupumzika. Ndani ya bahasha hii utakuta kurasa kumi na mbili, kipengele cha kwanza hadi cha ishirini. Cha tisa nimekirudisha mahali pake. Sindano anasema Kiswahili changu kinachosha na kwamba kitabu kinahitaji msahihishaji mkali asiyemwonea mwandishi haya. Nilimwambia namjua mmoja, anasema amestaafu, lakini kila mwezi ananirudishia ushahidi kwamba hajastaafu.

Tumia wino mwekundu. Acha nafasi pembeni, maana Sindano naye ana lake la kusema.

Mwanangu na mkwe wangu wanakusalimu, mjukuu anakuuma. Wasalimie wenzako wa chama, hata kabla hujaamua utawaambia nini.

Wako mtiifu kuliko zamani,
Mdogo wako, fundi wa meza ya mlangoni