Nimelificha Daftari la Joto

Mshauri mpendwa, nisaidie, maana nina aibu na sina wa kumweleza. Nina miaka hamsini na minne, ni fundi wa handaki la upepo, yaani bomba kubwa la kupulizia hewa ili kuipima, hapa Göttingen, Ujerumani, kazi yangu ni kuchomelea nyaya nyembamba kuliko unywele, tunazipasha moto kwa umeme, upepo ukizipoza tunajua kasi yake na jinsi unavyovurugika, na wakati wa kupima, mlango haufunguliwi, kwa hiyo nilizoea kumaliza siku bila kusikia sauti ya mtu, mpaka alipokuja Lutz kusomea shahada ya udaktari wa fizikia, akawa ananigongea kila siku saa sita mchana, "Bi Velten, dengu zinapoa, au leo unakula waya?" na miaka mitatu tumekula pamoja. Sasa nimegundua kwamba nyaya alizilinganisha na kasi inayojulikana asubuhi, handaki likiwa baridi, akapima mchana hewa ikiwa na joto, wala hakusahihisha, kwa hiyo kasi zake zote zimetoka chini kuliko zilivyo kweli. Joto la kila saa niliandika mimi kwenye daftari langu, nikimpa atarekebisha hesabu kwa wiki moja, atatetea tasnifu yake na kuhamia Hamburg, lakini nikimwambia kosa na kulificha daftari, itabidi apime upya majira yote ya baridi, atabaki. Wenzake wanamtengenezea kofia ya kuhitimu, kama ilivyo desturi hapa, wameniomba waya wa kuipamba, nimeukata huku nalia. Je, nikikaa kimya kuhusu daftari nitakuwa nimemkosea?

Heidrun Velten

Bi Velten, umeshamkosea, na ulilijua hilo kabla ya kununua stempu.

Upweke wako nauamini. Wakubwa wa taasisi yako wanasimama majukwaani kusifu vipimo, na sidhani hata mmoja anajua unakula wapi. Waone haya. Lakini hasira yangu kwao haikupi ruhusa ya kumwibia kijana wa watu majira mazima. Utawezaje kukaa naye mezani, yeye akilaani handaki, wewe daftari liko kwenye mkoba?

Kesho usisubiri kugongewa. Nenda wewe, mpe daftari, umwonyeshe kurasa. Akifoka, mwache afoke, ana haki. Kisha kaeni mrekebishe hesabu pamoja, maana nani mwingine anaweza kuusoma mwandiko wako? Akiuliza kwa nini ulilificha, usithubutu kusema ulisahau. Mwambie utabaki mpweke akiondoka. Miaka mitatu ya dengu, na naapa hujawahi kumwambia.