Mlimzika Haraka Mno

Wembley, Machi 1999

Wifi yangu Zuwena,

Karafuu zako zimefika, nyumba nzima inanukia Pemba.

Fidia ya kaka yako, marehemu Mbarouk, Waingereza wameikataa. Alikuwa mpishi katika meli yao ya jeshi walipojaribu bomu la atomiki. Alifumba macho kwa viganja, mwanga ukapenya, akaiona mifupa ya mikono yake mwenyewe. Sasa bwana wa serikali ananiambia, "Mlimzika haraka mno. Hakupasuliwa, basi hakuna ushahidi kwamba mionzi ndiyo iliyomuua."

Nikamwambia sisi maiti hatumweki. Alikufa alfajiri, tukamzika baada ya adhuhuri. Wao wamekaa naye miaka arobaini, anatapika damu mbele ya madaktari wao, na hawakumpima hiyo mionzi hata siku moja.

Leo eti mwenye haraka ni mimi.

Wifi yako,
Mwatima