Nimefungiwa Garini Pamoja na Mama Mkwe

Ndugu yangu, leo bwege ni mimi. Cheka kwanza, nakusubiri.

Gari langu jipya la umeme limezima nje ya duka la dawa, milango ikagoma kufunguka. Ndani mimi na mama mkwe. Mama mkwe, unasikia?!

Nikampigia fundi, akaja akavunja kioo, mama akatokea dirishani, viatu mkononi!

Fundi akauliza, "Kampuni haikukuandikia ulirudishe? Magari haya yana kasoro ya milango."

Iliandika weee! Nikadhani matapeli, nikaizuia namba 😂

Nikajitetea, "Mama, kasoro ndogo tu. Mke wangu ataendelea kulitumia, nitalipeleka nikipata nafasi."

Mama akavaa viatu polepole. "Kampuni imeliita gari lake, umeziba masikio. Basi mimi namwita binti yangu arudi kwangu mpaka litengenezwe."