Jino Jipya la Mama

Kaka Kaneyuki,

Niliapa sitakuandikia, lakini Mama amepandikizwa jino. Kabla ya kukifunga ndani ya mfupa wa taya kijiskurubu cha madini ya titani kinachoshikilia jino, daktari alikiweka dakika kumi na tano kwenye taa ya mionzi ya urujuanimno, kama ile iliyomo kwenye jua.

"Hata kikikaa tu ndani ya boksi huchakaa, Mama, mfupa usikishike vizuri," alisema. "Mwanga hukirudishia upya."

Mama akacheka. "Si ungesema tu unakianika kama godoro!"

Mfupa umeshika. Sasa anatafuna figili ya chumvi mpaka jirani anasikia.

Miaka tisa sasa tangu ubamize mlango. Nyumbani tumebaki wawili, na kila jua likiwaka Mama huanika magodoro matatu.

Mdogo wako,
Chizuru